Maji ya Kifuani

Nilivunjika paja nikishuka kutoka Mgeta, kwenye kijia ambacho nimekipita tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nilikuwa nimekwenda kumwona, nikalala kwake, na asubuhi ya kurudi ilikuwa imenyesha ile mvua ya ukungu inayolowesha bila kusikika. Udongo wa kule ukilowa juu tu, chini ukabaki mkavu, ndipo unapoteleza zaidi. Nilikuwa nimebeba mfuko wa njegere na kabichi. Mguu wa kushoto ulikwenda mbele, mwili ukabaki nyuma, na kabla sijajua kwamba ninaanguka nilikuwa nimeshaanguka. Baadaye nilikuja kuufikiria sana wepesi ule. Hapakuwa na nafasi yoyote kati ya kusimama na kulala chini.

Wanaume waliokuwa wakipalilia shamba la jirani walikata miti, wakafunga blanketi, wakanibeba hadi barabarani. Lori la mboga lilikuwa likipakia. Dereva alisogeza matenga ya nyanya, nikalazwa katikati ya kabichi, na njia nzima alikata kona taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Mjini nilifanyiwa upasuaji, nikawekewa bamba la chuma na skrubu. Nilipotoka hospitalini nilikuwa na magongo mawili, mshono mrefu, na goti lisilokunja.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko Mlali, na nyumba ninayokaa ni ya shule. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, mbali, na huja mwisho wa mwezi. Alichukua likizo, ikaisha. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake akasema, "Nimemwambia dada aje awe anakuangalia."

Dada yake, yaani wifi yangu, anakaa upande wa pili wa Mlali, karibu na kijito kinachoshuka kutoka milimani. Analima mchicha na matango na kuyauza mwenyewe. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado mdogo, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea, na wakati mimi natokea alikuwa ameshamtafutia mke, binti wa jirani anayejua jembe. Hakuwahi kunigombeza. Alikuwa akiniita "mwalimu" tu, miaka yote, hata kwenye harusi za ndani ya ukoo ambako kila mtu ana jina lake la udugu.

Alikuja kesho yake na ndoo ya mboga kichwani.

"Shikamoo wifi," nikasema nikiwa kitandani.

"Marahaba mwalimu. Umekula?"

Akapika, akafua, akafagia uwanja, akaondoka. Ikawa hivyo kila siku. Tulizungumza habari za chumvi na za mkaa.

Miezi ilipita na goti likabaki vilevile. Kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo alikuwepo kijana mmoja mtaalamu, mpole, ambaye kila mara alinipa shikamoo kabla hajanishika mguu. Alikuwa akilikunja goti, mimi nang'ata upindo wa mtandio. Siku moja aliacha, akakaa kwenye kiti mbele yangu.

"Mama, tatizo si goti peke yake. Mguu wako unaogopa. Nikikuambia uukanyagie, unakaza kila kitu mpaka bega."

"Nikianguka tena je?"

"Ndiyo maana nataka uingie kwenye maji. Maji ya kifuani. Yatakubeba uzito, na hapohapo yatakuzuia kila unapousogeza mguu. Mbele yatakuzuia, nyuma yatakuzuia. Misuli itafanya kazi bila mfupa kuumia."

Nilicheka kidogo. Jambo hilo nimelifundisha tangu nimeanza kazi. Kila mwaka huwa nasimamisha mitungi mirefu ya kioo mezani, mmoja wa maji, mmoja wa mafuta ya kupikia, mmoja wa asali ya mlimani, na kudondosha gololi. Ndani ya maji gololi inafika chini mara moja. Ndani ya mafuta inajivuta. Ndani ya asali inashuka pole kiasi kwamba wanafunzi wa nyuma wanasimama kuitazama, na ikifika wanapiga makofi. Tunafundisha kwa Kiingereza, ila hapo huwa nahamia Kiswahili: tabaka za kimiminika zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, na kinachopita kati yake kinazuiwa, na kadiri kinavyotaka kwenda haraka ndivyo kinavyozuiwa zaidi. Wanaandika, wanafaulu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Sisi wa Mgeta maji yetu ni ya kuchota.

Hospitali haikuwa na bwawa. Wifi alikodi bajaji tukaenda kwenye hoteli moja mjini yenye bwawa la kuogelea. Mhudumu wa mlangoni alituangalia, mimi na magongo yangu na dera langu, wifi na kanga zake, akasema kwa adabu kwamba nguo za aina hiyo haziruhusiwi kwenye maji, lazima vazi la kuogelea. Ndani tuliona wanaume wamejilaza kwenye viti, vifua wazi.

"Twende zetu," wifi akasema. Bajaji ilipita stendi ya Msamvu. Ndipo akasema, akiwa anatazama nje, "Nyuma ya shamba langu kuna dimbwi kwenye kijito. Wanawake ndipo tunapofulia. Maji yanafika kiunoni. Tukiziba kidogo yatapanda."

"Kichocho je?"

"Maji ya pale hayasimami, na ni ya baridi. Mimi nimeoga pale tangu nije Mlali. Muulize huyo kijana wako."

Kijana aliuliza maswali mengi kuhusu yale maji, akakubali kwa sharti kwamba kidonda kiwe kimefunga kabisa na nipime afya kila baada ya muda. Wifi alijaza mchanga kwenye viroba vya unga vilivyokwisha, akawaita wanawake wawili jirani zake, wakavipanga kwenye mlango wa dimbwi, wakaacha upenyo wa maji kutokea. Nilipofikishwa pale siku ya kwanza maji yalikuwa yananifika kifuani, na chini yalikuwa na mchanga safi.

Niliingia na dera. Hilo lilikuwa kosa. Dera ni kitambaa kingi, na maji yalipoingia chini yake lilifura likaelea pande zote kama mwavuli, mimi katikati. Nilijaribu kupiga hatua. Mguu mzima ulikwenda, ule mbovu ukabaki umenaswa kwenye nguo. Nikajaribu tena, nguo ikanivuta nyuma. Nilisukuma kwa hasira, ikanivuta kwa nguvu zaidi. Nikasikia sauti nisiyoifahamu. Wifi alikuwa ameshikilia mzizi wa mkuyu, anacheka mpaka machozi.

"Mwalimu, unafanana na kuku aliyefunikwa tenga!"

Na mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu Mgeta.

Kesho yake nilivaa taiti nyeusi na fulana ya kubana mikono mirefu, na mtandio nikaufunga kichwani kwa nguvu. Nje ya maji nilijisikia uchi. Wifi alisimama juu ya jiwe, na kila aliposikia nyayo alipaza sauti, "Kuna wanawake hapa!" na wanaume walipitia njia ya juu. Ndani ya taiti mguu ulipita. Haukupita kirahisi, lakini ulipita.

Nilikwenda karibu kila asubuhi kabla ya vipindi, kwa sababu nilikuwa nimeanza tena kufundisha, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma meno. Wifi alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, akawa anaingia nami, kanga moja kifuani na nyingine kiunoni, akinishika kiwiko. Nilijifunza mambo yaliyokuwa kwenye notisi zangu, lakini mwili ndio uliokuwa ukijifunza sasa. Nikiusukuma mguu taratibu, maji yaliniachia. Nikiusukuma kwa pupa, yalikuwa ukuta. Nikiongeza nguvu mara mbili sikupata mwendo mara mbili, nilipata uchovu tu. Nilimweleza wifi hayo.

"Si ndivyo ilivyo kusonga ugali," akasema. "Ukikurupuka mwiko unakuvunja mkono."

"Hasa. Na ule uji wa mwanzo?"

"Uji hauna shida. Uji unakwenda tu."

Kijana wa mazoezi aliniambia niongeze ugumu kidogokidogo. Wifi akaleta sinia la kulia wali. Nililishika kwa mikono miwili mbele ya kifua na kutembea nalo. Likiwa ubavu lilipita majini kama kisu. Nikiligeuza likawa uso wazi, nilisimama palepale nikitetemeka, tumbo na mapaja yote yanafanya kazi. Nilivuka dimbwi hivyo, kwenda na kurudi, sinia likiwa wazi, mpaka nikawa nauhisi msuli wa paja ukirudi, mgumu, juu ya lile bamba.

Lakini hicho sicho kilichonibadilisha. Kuna asubuhi niliteleza. Nilikanyaga jiwe lenye utelezi wa kijani, mguu mbovu ukatoka chini yangu, na nikaanza kuanguka. Nasema nikaanza, kwa sababu safari hii palikuwa na mwanzo. Nilijiona ninainama. Nilipata nafasi ya kufikiri, ninaanguka, na ya kufikiri tena, weka mguu wa pili nyuma, na nikauweka. Maji yalikuwa yamenishika pande zote, yakaniacha nishuke pole kama ile gololi ya kwenye asali. Sikufika chini. Nilisimama wima, na wifi hata hakuwa ameona.

Baada ya pale niliacha kukaza bega. Nilianza kuanguka kwa makusudi, kushoto, kulia, nikijikamata kila mara. Kijana alipolipima goti alisema limeongeza kukunja. Nilikuwa nikisali juu ya kiti cha plastiki tangu upasuaji. Siku moja mwezi wa Ramadhani nilijaribu kushuka kwenye mkeka, nikashuka, nikaweka paji la uso chini. Kuinuka ndiko kulikokuwa kazi. Mpaka leo swala nyingine nasali chini na nyingine kwenye kiti, kutegemea baridi.

Masika yalipokaribia, yule kijana wa mazoezi alisema tuwe tunaangalia mvua. Tuliangalia mawingu ya Mlali. Asubuhi yenyewe Mlali kulikuwa na jua safi. Mvua ilikuwa imepiga juu milimani, ambako hatukuwa tunaona. Mimi nilikuwa nimemaliza, nimekaa kwenye ukingo nimeshikilia mzizi, miguu bado imo majini, gongo langu moja pembeni. Wifi alikuwa katikati ya dimbwi anasuuza sinia. Kwanza yalikuja majani, mengi, yamechanika. Kisha nikasikia harufu ya udongo. Maji yakabadilika rangi mbele ya macho yangu, kutoka kioo hadi chai ya maziwa.

"Wifi, toka!"

"Nimeona," akasema, na akapiga hatua, na hatua haikwenda.

Viroba vya mchanga viliachia vyote kwa pamoja. Maji yaliyokuwa yamelala yakaanza kukimbia, na zile kanga mbili zilizokuwa zikimkaa vizuri siku zote zikafura, zikamzunguka miguu, zikamvuta kuelekea kwenye mawe ya chini. Sinia lilimtoka mkononi likaenda likizunguka. Alikuwa anajaribu kuinua miguu juu, kama mtu anayepanda ngazi, na kila alipouinua mmoja ule mwingine uliyumba.

Niliingia mpaka mapajani, mkono mmoja kwenye mzizi, nikamnyooshea gongo. Akalishika. Nilivuta, nikaona nikiendelea hivyo tutakwenda sote. Haukuwa uzito wake. Zilikuwa kanga.

"Fungua kanga!"

"Nini?"

"Kanga! Zinakuvuta! Zifungue!"

"Nitatokaje nje, wee?"

"Utatoka mzima! Fungua, wifi!"

Alinitazama. Naliona jambo hilo hadi leo, mwanamke mtu mzima, maji yako kwapani, anapima kati ya aibu na mto. Kisha mkono wake mmoja ukaingia chini ya maji. Ya kiunoni ilitoka kwanza, ikapita nyekundu na kupotea. Ya kifuani akaivuta kichwani kama mtu anayevua shati, nayo ikaenda. Mara ileile gongo likawa jepesi mkononi mwangu.

"Usiinue miguu. Buruza chini. Polepole. Geuka ubavu."

Akaburuza. Alikuja mpaka kwenye mzizi, nikamshika mkono, tukatambaa ukingoni tukalala kwenye majani. Alikuwa na sidiria na gagulo la ndani lililochanika. Nilimvisha dera langu kavu nililokuwa nimelining'iniza kwenye tawi, mimi nikajifunga shuka la kujikaushia juu ya taiti. Meno yake yalikuwa yakigongana. Tuliongozana mpaka njiapanda, akakata kwenda kwake, mimi nikaenda kwangu kubadilisha nguo kwa ajili ya kipindi cha kwanza. Sikumbuki nilifundisha nini.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Nilimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Mume wangu alipopiga kuuliza hali, nilimwambia kijito kimejaa na mazoezi yamesimama, basi. Ikapita wiki nzima. Nilianza kupika mwenyewe, nimesimama, nimeegemea meza.

Ijumaa, baada ya vipindi, nilichukua gongo moja nikatoka kwenda kwake kwa miguu. Tangu nivunjike sikuwa nimekwenda mbali kiasi hicho bila pikipiki. Nilipumzika kwenye kioski cha soda, nikapumzika tena chini ya mwembe wa msikiti, watu wakinisalimia na kunipa pole, nikafika jua limeshageuka. Alikuwa uani anachambua mchicha.

"Hodi wifi. Shikamoo."

Aliinua uso. Akatazama nyuma yangu kama anatafuta pikipiki iliyonileta.

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Na miguu."

Akanisogezea kigoda, akakumbuka goti, akakiondoa, akaingia ndani akatoka na kiti. Alichemsha chai. Tulikunywa, yeye akiendelea kuchambua.

"Simu yako imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika." Alitupa jani bovu. "Niliona aibu. Umeniona nilivyo."

"Na wewe? Umeniona nilivyo miezi yote hii. Umenivua, umenivisha, umenishika mapaja."

"Wewe ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa hana aibu."

"Basi na anayezama hana."

Alitaka kucheka, akajizuia. Kisha akaanza kusema, macho yakiwa kwenye mchicha. Alisema alipoambiwa aje kuniangalia hakutaka, alikuja kwa ajili ya mdogo wake. Alisema yule binti aliyemtafutia mdogo wake aliolewa kwingine na sasa ana maisha yake, na kwamba yeye alikuwa ameshasahau hata sababu ya kuninunia, ila mdomo ulikuwa umeshazoea. "Nilikuwa nasubiri wewe uanze," akasema.

"Nami nilikuwa nasubiri wewe, kwa sababu ni mkubwa."

"Ndiyo hivyo. Tumesubiriana bure."

Nilimweleza kwamba sikumwambia mtu yeyote habari za kanga. Akasema yeye ameshawasimulia wale wanawake wawili jirani, na kwamba tangu juzi wanamwita Mama Mto, na alipotaja jina hilo kicheko kilimshinda. Aliniwekea mchicha na bamia kwenye mfuko. Nilipoinuka aliinuka naye, akajitanda kanga, akasema, "Twende nikusindikize, wifi."

Tulitembea kwa mwendo wangu. Alinieleza kuhusu bei ya matango na kuhusu mjukuu wake anayekataa shule, akaniuliza kama naweza kuzungumza naye. Tulipofika kwenye uzio wa shule tulikuwa bado kwenye habari za mjukuu, hatujafika mwisho. Kwa hiyo niligeuka nikamrudisha kidogo, kama watu wafanyavyo, mpaka kwenye kioski. Hapo tukaagana. Usiku paja liliniuma, nikalikanda kwa maji ya moto, nikalala.